Namna ya Kumsoma Charles Dickens Barazani Lamu

Anayetaka kuwasomea wenzake riwaya za Charles Dickens barazani asianze na orodha ya vitabu, bali aanze na mwaka 1824, wakati mwandishi huyo, mzaliwa wa Portsmouth, Uingereza, alipokuwa na umri wa miaka 12. Mwaka huo baba yake alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa sababu ya deni, na mtoto alikuwa kiwandani akibandika karatasi za jina kwenye vyungu vya rangi ya viatu. Aibu hiyo hakuitangaza. Wasomaji waliijua baada ya yeye kufariki mwaka 1870, pale rafiki yake John Forster alipoandika habari za maisha yake. Wasikilizaji waelezwe haya mapema, kwa kuwa watakutana tena na tena na mtoto mpweke na mtu aliyeelemewa na madeni.

Kisha mchague riwaya moja. David Copperfield ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha yake, lakini ni ndefu mno kwa baraza. Mimi nashauri Great Expectations, iliyotoka katika jarida lake kwa sehemu 36 za kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Fuateni mgawo huo huo: sehemu moja kwa wiki, baada ya sala ya Isha, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akieleza kwa Kiswahili. Sisi tuliokua tukisikia tenzi zikisomwa majumbani tunajua kusikiliza, na Dickens mwenyewe alizunguka miji mingi akiwasomea watu kazi zake.

Sehemu ya kwanza ina sura 2, nayo inafunguka makaburini, kando ya nchi ya matope huko Kent. Mwenye kueleza awakumbushe watu hori za mikoko maji yanapokupwa, kisha aondoe joto na kutia ukungu wa baridi, na ataje merikebu kuukuu zilizogeuzwa kuwa magereza.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni namna watu wanavyoitana. Joe, mhunzi aliyemlea Pip, kijana anayesimulia riwaya hii, ni mume wa dada yake Pip, kwa hiyo kwetu ni shemeji. Katika sura ya 27 anamtembelea Pip London na, kwa kuona nguo na vyombo vya kijana, mara anamwita kwa jina, mara anamwita "bwana". Hapo msomaji apunguze mwendo, na neno hilo litamkwe waziwazi kila linapotokea, kwa maana uchungu wote wa riwaya umo ndani yake.

Wiki ya mwisho someni miisho yote miwili: kwanza ule uliochapishwa, ambao Dickens aliuandika upya kwa ushauri wa mwandishi mwenzake Edward Bulwer-Lytton, kisha ule wa awali uliohifadhiwa na Forster, ambamo Pip na Estella, mwanamke aliyempenda tangu utotoni, wanaonana kwa muda mfupi njiani London na kuachana. Waliohudhuria waulizwe ni upi unaomfaa Pip waliyemsikiliza kwa wiki 36.