Jinsi ya kusoma mekanika ya vifaa: mchoro kwanza, fomula baadaye

Wanafunzi wengi wa uhandisi wanaofeli somo hili, linalohusu jinsi vitu kama mbao na chuma vinavyobeba mzigo, vinavyopinda na kuvunjika, wanazijua fomula zote. Kinachowaangusha ni kuzitumia kabla hawajajua kani gani inapita ndani ya kifaa, mahali gani na kuelekea wapi. Fomula σ = My/I (σ ni mkazo, yaani kani kwa kila eneo; M ni momenti ya mpindo, yaani nguvu ya kupindisha; y ni umbali kutoka katikati ya kimo; I ni ukinzani wa umbo la mkato dhidi ya kupinda) haikukatalii ukiipa M isiyo sahihi; inakupa jibu, na jibu lenyewe linaonekana zuri tu.

Karibu kila swali linasimama juu ya mambo matatu: msawazo wa kani, namna umbo linavyobadilika, na tabia ya kifaa chenyewe. Ukikwama, tafuta ni lipi kati ya hayo bado hujalitumia.

Fanya swali moja mpaka mwisho

Chukua boriti ya mbao yenye urefu wa mita 4, imeegemezwa kwenye ncha zote mbili, ikibeba mzigo wa kN 10 katikati. Upana wake ni mm 100, kimo mm 200. Uzito wa boriti yenyewe tuuache.

Ichore boriti peke yake. Futa maegemeo, na mahali pake weka mishale ya kani zake: kN 5 kila upande. Kisha ikate kwa mawazo, baki na kipande cha kushoto, uandike kani ya kukata (V) na momenti ya mpindo (M) kwenye uso uliokatwa. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi kuliko nyingine zote.

Kutoka egemeo la kushoto hadi katikati, V ni kN 5. Eneo chini ya grafu ya V ni 5 × 2 = kNm 10, na hiyo ndiyo momenti kubwa kabisa, pale V inapovuka sifuri. Ukiipata pia kwa PL/4 (P ni mzigo, L ni urefu), umejihakiki kwa njia mbili.

Sasa geuza vipimo vyote viwe N na mm, maana N/mm² ni sawasawa na MPa. kNm 10 ni 10 × 10⁶ Nmm. I = bh³/12 = mm⁴ 66.7 × 10⁶. Mkazo kwenye uso wa juu na wa chini, ambako y = mm 100, ni MPa 15: juu mbao inabanwa, chini inavutwa.

Usiishie hapo. Ilaze boriti hiyo hiyo, kimo kiwe mm 100. I inashuka hadi robo na mkazo unapanda hadi MPa 30. Tukichukua E (ugumu wa kifaa dhidi ya kuvutwa au kubanwa) ya MPa 10,000, PL³/48EI inasema boriti iliyosimama inashuka mm 20 katikati, iliyolazwa mm 80. Mbao ni ile ile, mzigo ni ule ule. Kubadilisha kitu kimoja tu na kuangalia jibu linavyosogea kunafundisha zaidi ya kufanya maswali kumi yanayofanana.

Mahali pa kuteleza

Kwenye msokoto wa fimbo ya duara, J (ukinzani wa umbo la mkato dhidi ya kusokotwa) = πd⁴/32, d ikiwa kipenyo. Ukiweka nusu kipenyo badala ya kipenyo, J inapungua mara 16. Na hapo unahitaji G (ugumu wa kifaa dhidi ya kukatwa), si E.

Joto nalo linadanganya. Fimbo ya chuma iliyobanwa kati ya kuta mbili zisizosogea, ikipanda nyuzi 30, inapata mkazo wa EαΔT (α ni kiasi chuma kinavyorefuka kwa kila nyuzi moja, ΔT ni badiliko la joto) = 200,000 × 12 × 10⁻⁶ × 30 = MPa 72. Urefu haumo kabisa kwenye hesabu. Fimbo ndefu hutaka kurefuka zaidi, lakini urefu unaogawanya ni mkubwa vilevile. Msawazo peke yake hautakupa jibu hili. Lazima uandike kwamba badiliko la urefu ni sifuri.

Kwenye duara la Mohr, mchoro unaoonyesha mkazo unavyobadilika kulingana na mwelekeo, pembe unayosoma ni mara mbili ya pembe halisi kwenye kifaa. Ili uamini, chukua chaki na uisokote taratibu kwa mikono miwili bila kuipinda. Itavunjika kwa mkato wa kuzunguka, kama nyuzi 45 kutoka mhimili wake, kwa sababu chaki ni dhaifu kwenye mvuto na mvuto mkubwa zaidi uko kwenye mwelekeo huo. Chuma laini kikisokotwa hukatika bapa, maana chenyewe hushindwa kwa kukatwa.

Ratiba

Swali lililofanywa darasani lifanye tena jioni hiyo hiyo, daftari limefungwa. Ukikwama, fungua, soma mstari mmoja tu, funga. Lirudie baada ya siku tatu au nne ukiwa umebadilisha mzigo au egemeo. Kabla ya kushika kikokotoo, kisia jibu na uchore boriti ilivyopinda: upande wa mvuto ukitofautiana na alama (+ au −) ya M yako, kuna alama umekosea, na ni rahisi kuitafuta sasa kuliko ukurasa wa tatu.