Somo: Jinsi ya kuanzisha uji wa mchana katika shule ya kijijini kwa mahindi ya wazazi wenyewe

Tangu wazazi wa shule yetu ya msingi hapa wilayani Kiryandongo, Uganda, walipoanza kuwapikia watoto uji, karibu kila juma napigiwa simu na mtu wa Masindi, wa Nakasongola au wa ng'ambo ya Karuma akiniuliza jambo lile lile: mlianzaje? Nimejibu kwa mdomo mpaka nimetambua kwamba wengi huondoka na nusu ya maelezo, na nusu wanayoisahau ndiyo iliyotugharimu sisi. Kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, na kila atakayenipigia nitamwomba asome kwanza.

Mpango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ulipoanza mwaka 1997 uliondoa karo, na watoto wa maskini wakaingia darasani kwa wingi ambao wazee wetu hawakuwahi kuuona. Chakula hakikuwa sehemu ya mpango huo, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inakihesabu chakula cha mwanafunzi kuwa jukumu la mzazi. Matokeo yake kila mwalimu wa kijijini anayajua: mtoto ameamka kabla ya jua, ametembea kilomita nne bila kutia kitu tumboni, na ikifika saa saba anakwenda nyumbani kutafuta muhogo na harudi. Wa kwanza kukosekana alasiri ni yule ambaye kwao hakuna kitu, na huyo ndiye wa kwanza kuacha shule kabisa.

Hatua ya kwanza: pata idhini ya kamati ya usimamizi wa shule, umjulishe mwalimu mkuu na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kila kijiji kinacholeta watoto, kisha itisheni mkutano wa wazazi.

Hatua ya pili: chagueni wapokezi watano wa mahindi, wakiwemo akina mama wasiopungua watatu, na mweke kufuli mbili za ghala zenye funguo kwa watu wawili tofauti.

Hatua ya tatu ni hesabu, nayo ifanyike mbele ya mkutano. Sisi tunahesabu gramu 100 za mahindi kwa mtoto kwa siku, na tunasaga bila kukoboa ili tusipoteze kitu. Watoto 400 wanahitaji kilo 40 kwa siku, na kwa muhula wa siku 65 za masomo ni kilo 2,600, yaani magunia 26 ya kilo mia. Hapo wengi hugawanya kwa watoto 400 na kutangaza kilo sita na nusu kwa kila mmoja. Hilo ni kosa, kwa sababu linachukulia kwamba kila nyumba inayo mahindi. Kama familia za watoto 60 hazina uwezo, gawanyeni kwa 340 waliobaki: inakuja karibu kilo saba na theluthi mbili, nasi tukasema kilo nane. Zinapatikana kilo 2,720, na zile 120 za ziada hufidia upungufu wa mizani na wa kusaga.

Hatua ya nne: wasio na uwezo. Yatima wanaolelewa na bibi, watoto wa mama mgonjwa, familia zilizofika juzi bila shamba, wote hawa wanajulikana kijijini. Mwenyekiti wa LC1, mwalimu mmoja na mama mmoja anayeheshimika wakae kimya waandike orodha, na orodha hiyo ibaki kwa mwalimu mkuu. Isisomwe mkutanini wala isibandikwe mahali. Tena msibandike hata majina ya waliotoa, kwa maana jina lisiloonekana katika orodha ya watoaji ni sawa na jina lililosomwa kwa sauti. Bibi anayetaka kutoa chochote alete kuni au aje kukoroga sufuria siku moja. Wengi hufurahi kuombwa. Mtoto wake anywe kikombe kile kile, katika foleni ile ile.

Hatua ya tano: kusanyeni wakati wa mavuno. Muhula wa kwanza huanza Februari, mavuno ya pili yakiwa bado yamo nyumbani. Muhula wa pili huanza mwishoni mwa Mei, wakati maghala ya wakulima ni matupu na mahindi mapya bado yako shambani. Ukisubiri Mei ndipo uombe, unamwomba mtu asiye na kitu. Mahindi ya mihula miwili yakusanywe Januari, na ya muhula wa tatu yakusanywe Agosti.

Hatua ya sita ndiyo iliyotushinda mwaka wetu wa kwanza, na naomba isomwe pole pole. Mahindi ya Januari yanayoliwa hadi Julai au Agosti hukaa ghalani zaidi ya miezi sita, na sisi tuliyapokea kana kwamba yangeliwa wiki ileile. Tulipokea magunia yote kwa siku mbili, tukapima uzito bila kupima ukavu, tukayapanga juu ya saruji yakiegemea ukuta. Katikati ya Machi mama mmoja mpishi alitia mkono kwenye gunia la chini akaukuta ukiwa na joto. Tulipoyafungua, magunia 11 yalikuwa na ukungu, mengine wa kijani, mengine wa kijivu, na harufu yake sijaisahau. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimamia mapokezi. Jioni ile wazazi kadhaa walishauri tuyapepete, tuyaoshe na kuyachanganya na mazuri, na kusema kweli nilikaa usiku mzima nikilifikiria shauri hilo, kwa sababu nilijua nani alitoa kilo zake nane akabaki na ngapi. Asubuhi tuliyachoma yote. Muhula wa pili watoto walikunywa uji siku tatu tu kwa juma.

Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo wataalamu wanaiita aflatoksini. Kuchemsha hakuiondoi, na kuosha hakuiondoi. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo, mahindi ambayo familia zilikuwa zimeyavuna na kuyahifadhi zenyewe. Msiwape kuku wala nguruwe. Na ng'ombe akiyala, sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kwa hiyo, kila gunia lipimwe kabla halijapita mlangoni. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa na yenye kifuniko kinachobana. Jaza mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani au kikaangoni, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana maji yanayozidi asilimia 15, nayo yarudi juani. Ikiteremka chini bila kushika, yapokeeni. Chukua punje kutoka juu, katikati na chini ya gunia, kwa kuwa mahindi makavu huwekwa juu hata na mtu asiye na nia mbaya. Anikeni juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Ghalani, magunia yalale juu ya chaga za mbao, yaachane na ukuta kwa urefu wa mkono, na kila Ijumaa mtu atie mkono ndani ya magunia ya chini. Mkiweza kununua mifuko isiyopitisha hewa, fukusi nao hufa humo bila dawa, lakini mahindi mabichi yakifungwa humo huoza kama kawaida.

Hatua ya saba: ubao wa matangazo. Kila Jumatatu bandikeni kilo zilizopokelewa kwa kila kijiji, zilizopikwa na zilizobaki. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba shule za msingi za nchi yetu zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao, na hali ilibadilika sana baada ya serikali kuanza kutangaza magazetini na kubandika shuleni kiasi kilichotumwa. Karatasi moja ukutani ina nguvu hiyo.

Hatua ya nane: pikeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi wa Kigumba: Asante kwa somo. Je, kila mtoto alete kilo ngapi?

Mwandishi: Soma hatua ya tatu. Kilo nane ni hesabu ya shule yetu. Ya kwenu itatoka kwenye idadi ya watoto wenu.

Mjumbe wa kamati, Masindi: Sisi tumeamua kwamba mtoto ambaye mzazi wake hajaleta mahindi atabaki nyumbani mpaka alete. Bila hivyo wazazi wavivu hawatatoa kamwe.

Mwandishi: Ndugu mjumbe, shule ya UPE haina ruhusa ya kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya mchango, na mchango huu ni wa hiari. Mkiendelea hivyo mtakuwa mmetumia uji kumtoa shuleni mtoto yule yule ambaye uji ulikusudiwa kumbakiza.

Mjumbe wa kamati, Masindi: Basi mzazi mwenye ng'ombe kumi naye asipotoa?

Mwandishi: Huyo aendewe nyumbani na mwenyekiti wake wa LC1 pamoja na wazazi wawili wa rika lake, jioni, kwa heshima. Sisi tulikuwa na tisa wa namna hiyo, na saba walitoa kabla ya muhula kwisha. Mtoto wake anywe uji wakati wote huo, kwa sababu si yeye aliyekataa.

Mwalimu wa Bweyale: Mama, nimevutiwa na kipimo cha chupa na ningependa kuwaonyesha wanafunzi wa darasa la sita katika somo la sayansi. Kwa nini chumvi, na si sukari au majivu?

Mwandishi: Mwalimu, umeniuliza swali ambalo nilitamani mtu aniulize. Punje hupumua unyevu wake kwenye hewa iliyofungiwa ndani ya chupa mpaka punje na hewa vilingane. Chumvi ya kawaida hukaa kavu unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 75 hivi, lakini ukivuka hapo huanza kuyavuta maji na kulowa. Bahati njema ni kwamba hewa iliyozunguka mahindi hukaribia kiwango hicho pale pale ambapo mahindi yenyewe yanaacha kuwa salama ghalani. Majivu hayana mpaka ulio wazi namna hiyo. Waambie watoto waandae chupa tatu: moja ya mahindi makavu, moja ya yaliyovunwa juzi, na moja yenye chumvi peke yake. Hiyo ya tatu ndiyo itakayoonyesha kama chumvi yenyewe ilikuwa kavu. Kisha waende nyumbani kupima magunia ya wazazi wao. Kwetu, watoto ndio waliowashawishi wazazi kununua maturubai.

Mwanachama wa Nakasongola: Hii yote ni kazi kubwa. Si rahisi zaidi kukusanya pesa na kununua unga dukani?

Mwandishi: Kwa mwenye mshahara ni rahisi. Mkulima wa huku anayo mahindi Januari na hana shilingi, na Mei hana vyote viwili. Tena unga wa dukani huwezi kuujua ulitokana na punje za namna gani.

Mwanachama wa Nakasongola: Mimi nilisikia kwamba huko kwenu kamati ilikula magunia 11.

Mwandishi: Magunia 11 yalichomwa uwanjani mchana kweupe, na idadi yake ilibandikwa ubaoni Jumatatu iliyofuata kwa mkono wangu. Nimeeleza hapo juu kosa lilikuwa la nani. Mwenye swali zaidi aje shuleni asome daftari. Lipo kwa mwalimu mkuu.

Mama mpishi wa Kiryandongo: Dada, waambie pia habari za kuni. Sufuria ya lita mia juu ya mafiga matatu inamaliza msitu.

Mwandishi: Ni kweli, dada yangu, na nililisahau. Jengeni jiko la udongo wa kichuguu lililoifunga sufuria pande zote, lenye mlango mmoja mdogo na bomba la moshi. Kuni zipasuliwe nyembamba na zikae chini ya paa muhula mzima kabla ya kutumika.

Mzazi wa Masindi Port: Uji wa mahindi matupu unashibisha, lakini haujengi mwili. Je, tunaweza kuongeza soya? Huku kwetu inalimwa.

Mwandishi: Mnaweza, na mtawafaa sana wadogo. Kwanza ikaangeni mpaka igeuke rangi na kutoa harufu ya karanga, kwa sababu soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini yake. Sisi tunachanganya kilo moja ya soya kwa kilo nne za mahindi kabla ya kusaga, na tunasaga ya juma moja tu, kwani unga wenye mafuta huchacha upesi. Soya nayo ipimwe kwa chupa kabla ya kuhifadhiwa.

Mwalimu wa Bweyale: Tumefanya jaribio leo, Mama. Chumvi peke yake ilibaki kavu. Kati ya magunia tisa ambayo kamati yetu ilikuwa imekwisha kuyapokea, matatu yalishika chumvi kwenye kioo.

Mwandishi: Yatoeni hayo matatu leo hii, kabla ya jioni, na muyatenge na yale sita. Kagueni kwanza kama yana joto au ukungu. Kama hayana, yaanikeni juu ya turubai kwa unene wa vidole viwili, mkiyageuza kila saa, myafunike kabla ya umande, kisha mpime tena kesho kutwa.