Jinsi ya kuvunja mabaki ya dawa kwenye maji kwa taa ya UV na peroksaidi

Dawa tunazomeza nyingi sehemu yake inatoka na mkojo ikiwa bado nzima, inaingia mtoni, na mabwawa ya kawaida ya majitaka hayawezi kuziondoa zote. Karbamazepini, dawa ya kifafa, ni mojawapo ya zilizo sugu sana, kwa hiyo jaribu nayo hiyo maabara.

Kwanza chuja maji mpaka yaangaze, maana yakiwa na tope mwanga haupenyi na unachoma umeme bure. Weka haidrojeni peroksaidi kama miligramu 10 kwa lita, koroga, halafu washa taa ya zebaki inayotoa mwanga wa UV (urujuanimno) wa nanomita 254. Taa ikae ndani ya mrija wa kwatzi, siyo glasi ya kawaida, glasi inazuia mwanga huo wote. Hapo mwanga unapasua peroksaidi zinatoka radikali za haidroksili, yaani chembe kali sana, hizo ndo zinazoivamia dawa. Funika chombo jamani, mwanga huo unaunguza macho na ngozi!

Chota sampuli kila baada ya dakika chache na weka katalesi (kimeng'enya kinachovunja peroksaidi) papo hapo kuua peroksaidi iliyobaki, la sivyo dawa inaweza kuendelea kuvunjika kwenye chupa na majibu yatakudanganya. Fanya pia jaribio la taa peke yake na la peroksaidi gizani, ndo utajua nani amefanya kazi. Diklofenaki, dawa ya maumivu, taa tu inaitosha, karbamazepini hapana.

Na usiishie kuona dawa imepotea, pima na masalia, kwa sababu karbamazepini ikivunjika nusunusu inaacha akridini ambayo nayo ni sumu, kwa hiyo ongeza muda wa taa mpaka nayo iishe.