Kuhamishia mwani wa kotonii maji ya kina

Maji ya ufukweni Zanzibar yakipata joto, kotonii ndiyo huumia kwanza: tawi hupauka, hulainika, hukatika. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, huvumilia, ila bei yake ni ndogo.

Achana na mambo, yaani vigingi vya kufungia kamba chini. Tumia kamba inayoelea. Chagua mahali panapobaki mita 2 za maji hata bamvua likitoka. Tia nanga za mifuko ya mchanga ncha zote mbili, funga chupa tupu za plastiki kama maboya. Mbegu, yaani kipande cha tawi la mwani, iwe gramu 100 hivi, changa, kila sentimita 20 za kamba. Taitai, yaani kijikamba cha kufungia mbegu, isikazwe: tawi likinenepa litajikata lenyewe. Vuna baada ya wiki 6. Ngalawa ni lazima, na asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea.