Mzoga wa Porini Usiupasue, Hata kwa Ajili ya Mbwa

Ninyi mnaotembea na mbwa pembezoni mwa Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, ugonjwa wa kimeta (anthrax) mnaujua. Mwaka 2004 kiliua viboko kwa mamia humu, na mwaka 2023 kiliua watu kule wilaya ya Kyotera. Ndiyo maana wengi wenu hamli tena nyati aliyekutwa amekufa. Lakini mnamkatia mbwa paja lake! Anayekata ameshashika damu, na mbwa, ingawa huhimili kimeta kuliko ng'ombe, huburuta mfupa mpaka uani kwenye watoto.

Kisu ndicho kinachoharibu kila kitu. Mzoga usiopasuliwa ukioza, vijidudu vilivyomo hufa ndani ya siku 3 au 4 hivi. Damu ikipata hewa, vinajivika ganda gumu na kukaa ardhini miaka kwa makumi. Hapo mmeyaharibu malisho ya wajukuu wenu kwa ajili ya chakula cha mbwa cha siku moja.

Kwa hiyo, ukiona tai wanazunguka, mfunge mbwa kamba isiyozidi mita 2 kabla hujasogea, si baada ya kumkuta analamba. Simama hatua 20 nyuma. Tumbo lililovimba upesi, mwili usiokakamaa, damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni: geuka, mpigie afisa mifugo au askari wa wanyamapori siku hiyo hiyo. Wao watazika wakiwa na glavu na buti, kina cha mita 2. Vile vishimo vya kufika magotini ninavyoonyeshwa kila msimu, fisi huvifukua usiku mmoja. Acheni.

Mbwa akishalamba, mfungie peke yake, asiguswe na watoto, na mwite daktari wa mifugo bila kungoja koo livimbe.

Kwako wewe, kipele kinachowasha hutokea kwa kawaida siku 1 hadi 7 baada ya kugusa, kisha kinakuwa kidonda chenye kigaga cheusi. Hakiumi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Nenda kituo cha afya siku hiyo na useme wazi kwamba uligusa mzoga; antibiotiki hutibu zikianzwa mapema.

Ng'ombe wachanjwe kila mwaka. Wasichomwe antibiotiki wiki moja kabla wala wiki moja baada ya chanjo, maana chanjo hiyo ni ya vijidudu hai na dawa itaviua. Mkizingatia haya, mzoga mmoja utabaki mmoja.