SOMO: "I'm tired" kwanza, kanuni baadaye

Kila wiki naulizwa faragha nawafundishaje Kiingereza wagumu (wapagazi) wa Kilimanjaro wanaotaka kuwa waongoza watalii. Leo naandika, ukiuliza tena nakurudisha hapa.

1. Chagua misemo kumi atakayoitumia kesho. Si mwezi ujao.

2. Darasa zima liseme kwa sauti hadi mdomo uzoee. Kanuni usizitaje.

3. Badilisha neno moja tu: "I'm tired. He's tired. Are you tired?"

4. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza niliandika ubaoni kwamba -me- ni "have". Nikajiona bingwa, maana "nimekula" ni "I have eaten". Wiki iliyofuata daftari zikajaa "I have tired" na "I have lost", na huyo wa pili hakupoteza kitu, alikuwa amepotea. Kosa langu, si lao. -me- yetu ina kazi mbili: tendo lililokwisha, na hali ambayo mtu bado yumo. Nimekula, nimefika: "have" inakubali. Nimechoka, nimepotea, nimekaa: "I'm tired, I'm lost, I'm sitting". USIFUNDISHE zote siku moja. Na "nina njaa" iende na kundi la pili, la sivyo utaletewa "I have hunger".

5. Malizia na maswali ya njiani: "Have you eaten? How are you feeling?"

MASWALI

– Ticha, kanuni ziko wapi? Tuma PDF.
Hatua ya 4. PDF hakuna.

– Mimi nilikariri tensi zote 12 na nikafaulu.
Hongera. Mgeni akianza kutapika kambi ya Barafu utamsomea jedwali?

– Mwalimu, wangu wakiulizwa "You haven't eaten?" wanajibu "Yes" na hawajala. Ni -me- tena?
Swali zuri hilo! Hapana. Sisi tukiulizwa "hujala?" tunajibu "ndiyo, sijala", yaani umesema kweli. Mwingereza hajali umeulizaje, anatazama kama umekula: "No, I haven't." Wazoeze kutojibu neno moja, wamalizie na "I have" au "I haven't", hata wakikosea mwanzo wataeleweka.

– Ongeza saa. Kijana wangu alimwambia mgeni kwamba kwenda kileleni wanaanza kupanda "at six", kumbe saa sita usiku.
Ha! Hiyo itahitaji somo lake. Kwa sasa waonyeshe wageni saa ya mkononi.

– Na "pole pole" tunaitafsirije?
Iache. Wageni wanashuka kwenye ndege wanaijua.