Namna ya Kucheza Mhusika Mwovu kwenye Gemu
Ukitaka kucheza uovu wenye maana, iwe nyumbani Mbagala au kwenye kibanda cha gemu Sinza, mpe kwanza mhusika wako tamaa moja, kama madaraka au kisasi, kisha kila uamuzi uupime kwa tamaa hiyo, kwa maana kuua kila anayepita ni fujo tu. Katika gemu ya Baldur's Gate 3, iliyotoka mwaka 2023, ukishirikiana na Minthara, kamanda wa maadui, kuwaangamiza wakimbizi wa Emerald Grove, maficho yao msituni, wenzako wa safari Wyll na Karlach hawatabaki nawe, na wachuuzi wa pale huwapati tena. Kabla ya shambulio, nunua dawa za kutosha, kisha hifadhi mchezo kwenye faili la pembeni (umeme wa Dar es Salaam haupigi hodi unapokatika).